Andika Konda

Kwa miaka miwili baada ya shahada ya kwanza nilikuwa konda wa daladala, Mbagala–Kariakoo. Fomu ya kuomba shahada ya uzamili ina kisanduku cha "Mwajiri", kingine cha "Cheo", na sehemu ya kupakia barua yenye mhuri. Tajiri wetu hana mhuri. Ana daftari, na simu anayoipiga usiku kuulizia hesabu yake.

Mara ya kwanza niliandika ukweli. Kwenye usaili, mjumbe mmoja wa jopo akalisoma neno "konda" kwa sauti, wenzake wakacheka kidogo. Nikaulizwa kazi hiyo inahusiana vipi na mipango ya usafiri mijini. Naapa, ndivyo nilivyoulizwa.

Inahusiana hivi. Najua kwa nini gari hukatisha ruti: foleni ikishakula saa mbili, kwenda mpaka mwisho wa kituo na kurudi na watu wanne ni kuchoma mafuta, na tajiri anataka fedha ileile. Najua kwa nini mwanafunzi huzuiwa mlangoni asubuhi. Analipa nauli ya mwanafunzi, anachukua nafasi ya mtu mzima, na hesabu ya tajiri haina punguzo la wanafunzi. Ni ukatili, na mimi nimeufanya. Lakini ukimkaripia konda bila kuigusa hesabu, yule mtoto atabaki kituoni.

VETA humpima fundi aliyejifunzia gereji na kumpa cheti. TCU nayo imewahi kuratibu mitihani ya kuwapima watu kwa uzoefu wao ili waingie shahada ya kwanza. Yaani nchi imeshakubali kwamba mtu hujifunza kazini. Kwa nini kukubali huko kuishie kwenye mlango wa uzamili, mahali tunapodai kutafiti maisha ya watu haohao?

Na msinijibu kwa habari za viwango. Sikuomba kupunguziwa alama, alama nilikuwa nazo.

Mara ya pili, chuo kingine, nilimsikiliza rafiki. Nikaandika "Mratibu wa Shughuli, sekta ya usafirishaji". Barua ikatoka kwa binamu yake mwenye kampuni na mhuri. Nikapata nafasi. Juzi darasani tulijadili kwa nini daladala hukatisha ruti. Zikatajwa nadharia tatu, na hakuna aliyeitaja hesabu. Nikanyamaza. Mratibu angeyajulia wapi hayo?

Wiki iliyopita binti wa jirani alinionyesha fomu yake kwenye simu. Ameuza chipsi miaka mitatu, anaomba kusomea lishe. Kwenye cheo alikuwa ameandika "Mjasiriamali". Nikamwambia afute, aandike muuza chipsi, aeleze alichokiona kwenye yale mafuta.

Akanitazama. "Kaka, wewe uliandika nini?"