Ilani ya Besi

Sisi ni watayarishaji wa muziki, marapa na wapiga ala wa Dar es Salaam. Tunaianzisha harakati hii kwa sababu ya vijana wanne wa New York waliofanya hip hop bila kuwatupa wazee wao: Q-Tip, Phife Dawg, Ali Shaheed Muhammad na Jarobi White. Ndio A Tribe Called Quest.

Sikilizeni wimbo unaofungua The Low End Theory, albamu yao ya pili ya mwaka 1991. Inaanza besi peke yake, iliyochukuliwa kwenye santuri ya Art Blakey. Q-Tip anaipanda besi hiyo tupu na kusimulia jinsi baba yake alivyousikia muziki wa mwanawe akaikumbuka jazi ya zama zake. Ngoma zinachelewa kuingia. Wengine wangepajaza pale vinanda na kelele. Wao wakapaacha wazi, na kila neno likasikika.

Kuchota kwenye santuri hakukuwatosha. Walimwendea Ron Carter, mpiga besi wa Miles Davis miaka ya 1960, akaja na besi lake kubwa la kusimama akapiga mwenyewe katika "Verses from the Abstract". Kwanza alitaka kujua mashairi yanasema nini, maana hakuwa tayari kuyapigia matusi. Harakati yetu imezaliwa na kikao hicho. Mzee kaombwa, kauliza, karidhika, na jina lake limeandikwa.

Walijifunza pia kwa gharama. "Can I Kick It?" ulitembea juu ya wimbo wa Lou Reed, na mrabaha wote ukamwendea yeye. Hatuoni uonevu hapo. Kazi ina mwenyewe. Ndiyo maana tunasema makubaliano yatangulie kurekodi.

Waliofuata njia yao ni wengi: The Roots, Common, Kanye West, Kendrick Lamar. Mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka The Low End Theory kwenye hazina ya rekodi za kuhifadhiwa. Lakini sisi tunalipa uzito zaidi jambo jingine. Kundi lilivunjika mwaka 1998, na Q-Tip na Phife, waliokua pamoja Queens na kupokezana mistari kama ndugu, wakakaa miaka mingi hawaelewani. Walirudi studio wakiwa watu wazima. Machi 2016 Phife akafariki kwa maradhi ya kisukari, akiwa na miaka 45, na albamu yao ya mwisho ikatoka Novemba, sauti yake ikiwa ndani. Kwetu, ugomvi wa wenzi utasuluhishwa wangali hai.

Nasi wazee tunao. Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe: walijiita jazz wakapiga dansi, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawarekodi. Magitaa yao yanajibizana kwa utulivu, besi inatembea chini bila haraka. Ni mali ghafi ya kiwango kilekile alichokiona Q-Tip kwenye santuri za baba yake, na biti nyingi za leo zinapita juu yake kama hazijui.

Basi tunaahidi. Hatutakata kipande cha wimbo wa dansi kabla ya kumtafuta aliyeupiga, au familia yake. Akiwa hai na mkono bado unaweza, tutamwita studio apige upya, na jina lake litakuwa mbele, pamoja na la rapa. Akikataa, tutaacha. Tutaipa besi nafasi hata kama redio inataka mshindo. Wala hatutamlazimisha mzee kuwa kijana.

Anayetaka kujiunga alete mistari yake aliyoiandika mwenyewe, na jina la mpiga ala mmoja wa zamani ambaye amekwisha kubisha hodi kwake.