TAREHE YA KOMPYUTA: KARANI ASIFANYWE KAFARA

Ndugu wafanyakazi wa Kisii na Nyamira,

Wako wakubwa katika bodi za shule wasemao ya kwamba ile hofu ya kompyuta ya mwaka 2000 ilikuwa porojo, maana siku ilipita na dunia haikusimama. Hayo ni maneno ya mtu asiyepata kushika nyundo. Treni ikivuka daraja salama, je, utasema genge lililobadili mataruma lilikula mshahara wa bure? Mwaka ule ulipita vizuri kwa kuwa mafundi walikuwa wamefanya kazi kabla yake, wakirekebisha mashine zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili tu.

Sasa iko tarehe nyingine. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na hesabu hiyo ina mwisho: 2,147,483,647. Itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Hapo mashine isiyotengenezwa yaweza kudhani ni 13 Desemba 1901, mwezi ule ule reli ilipofika Kisumu! Sisi wa reli twaweza kucheka. Karani wa shule hatacheka. Karo iliyolipwa huenda ikaonekana haijalipwa, na atakayeitwa mwizi ni yeye.

Mwasema 2038 ni mbali? Mtoto aliyeanza PP1 mwaka 2025 atakuwa Gredi ya 12 mwaka huo. Tena karani mwenye miaka 45 leo, akistaafu kwa miaka 60, tarehe yake yapita hapo, na hesabu yake yaandikwa sasa.

Makarani, wapishi na walinzi wa shule huandikwa na bodi, si TSC. Bodi ikikasirika, mtu yuko barabarani. Kwa hiyo twataka kompyuta kuukuu zisinunuliwe, wala zisipokewe kama zawadi, kabla fundi hajazijaribu kwa tarehe ya 20 Januari 2038, kumbukumbu zikiwa zimenakiliwa kwanza. Muuzaji wa programu atie sahihi kwamba itavuka. Stakabadhi za karatasi zisitupwe. Na gharama isikatwe katika mshahara wa karani hata senti moja.

Wewe mzazi mwanachama, katika mkutano wa shule wa muhula ujao simama uulize jambo hili mbele ya watu, na usikae mpaka jibu liandikwe.