Ngano ya kale si salama kwa mgonjwa wa siliaki

UKITOKA Iringa mjini kwenda Tosamaganga unafika kwenye misheni kongwe ambayo wamisionari wa Consolata kutoka Italia waliipokea baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hospitali yake nayo imefanya kazi miaka mingi na madaktari wa shirika la CUAMM la Padova. Kwa muuza unga wa maeneo hayo, Mwitaliano si mteja wa ajabu. Siku moja mteja huyo anaweza kuuliza kama unga una gluteni.

Si swali la madaha. Italia ina takriban mgonjwa mmoja wa siliaki kwa kila watu 100, na mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kuwapima watoto ugonjwa huo.

Gluteni ni protini inayofanya donge la chapati livutike. Sehemu yake moja, gliadini, haisagiki vizuri tumboni. Kwa mtu aliyerithi vinasaba fulani, kinga ya mwili huweza kuviona vipande vyake kama adui, na katika mapambano hayo ukuta wa utumbo mdogo ndio unaoumia. Chakula hakifyonzwi, mtoto hudumaa, mtu mzima hupungukiwa damu. Tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Na asidhani mtu kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu tu: vipimo vya miaka ya 1990 kwa watoto wa Sahara Magharibi vilionyesha zaidi ya 5 kati ya 100 wanao.

Sasa huko Ulaya imezuka biashara ya ngano za kale, zinazouzwa ghali kwa madai kwamba ngano ya kisasa ndiyo iliyoharibiwa na wataalamu wa mbegu. Madai hayo yana chembe ya ukweli. Ngano ya kale kabisa, einkorn, ina kromosomu 14; emmer, ambayo bado inalimwa Ethiopia, ina 28; ngano yetu ya mkate ina 42. Kipande cha gliadini kinachoichokoza kinga kuliko vingine hutokana na lile fungu la tatu la kromosomu, ambalo einkorn na emmer hazina.

Hata hivyo, zote mbili zina gliadini nyingine zinazotosha kumdhuru mgonjwa. Aidha, watafiti wa Ujerumani waliopima aina za ngano zilizotoka kati ya 1891 na 2010 walikuta, katika matokeo ya mwaka 2020, kwamba jumla ya gluteni haikubadilika, na gliadini ilipungua kidogo. Kwa hiyo anayemuuzia mgonjwa ngano ya kale kwa jina la usalama anamuuzia maradhi.

Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hana haja ya kuhangaikia mbegu hizo kwa ajili ya soko hili. Ulezi, mtama, mahindi, mpunga na muhogo havina gluteni hata kidogo.

Tatizo liko kwenye mashine ya kusaga. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Unga wa ngano una gluteni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Piga hesabu: gramu 20 za unga wa ngano, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula, zinatosha kuharibu gunia la kilo 100 la ulezi. Mashine iliyosaga ngano asubuhi hubakiza zaidi ya hapo kwenye kona zake, na kuifuta kwa kitambaa hakusaidii kitu. Magunia yaliyowahi kubeba ngano ni hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu soko hili hapa Iringa bado ni dogo, na sioni sababu ya mtu kukopa fedha kununua mashine ya pili kwa ajili yake. Lakini mwenye kinu ambacho hakijawahi kusaga ngano tayari ana mtaji ambao wenzake hawana. Aandike kwenye mfuko "ulezi mtupu", ambalo ni neno la kweli, na mteja akiuliza amweleze mashine inasaga nini na nini. Yale maneno "hauna gluteni" yasubiri majibu ya maabara.