Spea za miguu ya gari: "orijino au ya kawaida" ni swali bovu

Wadau, ingia duka lolote la spea Gerezani au Ilala uulize shokapu za mbele za Toyota IST. Kabla ya bei utaulizwa: "Unataka orijino au ya kawaida?" Nairobi kule Kirinyaga Road na Kampala pale Kisekka ni hadithi hiyo hiyo. Tumeshazoea kuamini kwamba spea ziko za aina mbili tu, ya tajiri na ya mlalahoi. Mimi nasema hilo swali ndo linalotupoteza, na wengine linawaua.

Tuanze na serikali zetu, maana zote zinahangaika na umri wa magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Hapa Bongo unaingiza, ila gari ndogo ya kutembelea ikishapita miaka 8 tangu itengenezwe unapigwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Nia nzuri, sikatai. Lakini gari ikishatoka bandarini haiachi kuzeeka. Na kadiri ya kuagiza inavyokuwa ghali, ndivyo mtu anavyobaki na ile ile aliyonayo. Mwisho wa siku, usalama wetu unaamuliwa pia pale kaunta, kwenye boksi la spea. Hapo hatujadili kabisa.

Sasa kaunta ina nini? Kwanza kuna jenuini, yaani iliyo ndani ya boksi la kampuni ya gari yenyewe. Pili, kuna spea ya kiwanda kinachoiuzia kampuni ya gari, ila iko kwenye boksi la kiwanda hicho. Kampuni za magari hazitengenezi kila kitu zenyewe. KYB ya Japani, wengi tunaiita Kayaba, huitengenezea Toyota shokapu na pia inauza kwa jina lake. Tatu, viwanda vingine vyenye jina la kulinda, kama Sankei ya Japani yenye alama ya 555 kwenye boljointi na tairodi. Nne, majina mapya ya bei chee ambayo hakuna anayejua yatadumu miezi mingapi. Tano, feki, yaani jina la mwenzako lililoibiwa. Sita, mtumba uliofunguliwa kwenye gari Japani.

Mnaona tatizo? Muuzaji akisema "ya kawaida" anaweza kukupa namba mbili, namba nne au namba tano, na wewe huna la kumshika nalo. Na akisema "orijino" anaweza kuwa anamaanisha mtumba!

Kingine tunachochanganya ni feki na mbovu. Feki ni uongo wa jina. Hapa Tanzania hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kenya wana sheria yao ya 2008. Lakini boljointi mbovu iliyoandikwa jina lake halali si feki, hiyo ni suala la ubora, na huko ni TBS. Kwa hiyo tukishangilia makontena ya feki yanapoteketezwa, tukumbuke zile mbovu zenye majina yake bado ziko rafuni. Na majina yanayoibiwa sana ni yale yale mazuri, ndo maana boksi peke yake si ushahidi. Namba ya spea inakusaidia kujua kama kitu kitaingia kwenye gari yako, haikuthibitishii nani kakitengeneza. Nunua kwa mtu anayeandika risiti yenye jina la kiwanda na anayekubali kukirudisha.

Haya, mwenye hela ndogo afanyeje? Apange kwa hatari, sio kwa kelele. Boljointi ya chini na tairodi zikichomoka, gurudumu linalala na usukani haukusikii tena. Hapo usibane hela: nunua mpya, ya kiwanda kinachojulikana, na mtumba usiuguse. Shokapu iliyokufa inarefusha breki na inakula tairi. Hapo ya kiwanda kinachouzia kampuni za magari inatosha kabisa, jenuini si lazima, ila badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Bushi ni mpira, na mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki. Bushi ya mtumba kutoka gari ya 2003 ina umri wa hiyo gari, hata ikioshwa ikang'aa. Linki ya stebilaiza ikigonga ni kero zaidi kuliko hatari, kwa hiyo kama hela imeisha, yenyewe ndo isubiri.

Na mafundi nao tuwaseme kidogo. Bushi nyingi za mpira zinatakiwa kukazwa boliti zake gari ikiwa imesimama kwa uzito wake chini. Ukikaza miguu ikining'inia kwenye jeki, gari ikishuka mpira unajisokota na kubaki hivyo, kisha unachanika mapema. Mteja anarudi dukani anapiga kelele "umeniuzia feki!" kumbe spea ilikuwa nzima. Baada ya hapo anaapa atanunua ya bei ya chini kabisa, maana "zote sawa tu". Soko baya linalishwa na hasira kama hiyo.

Wengi wenu mtasema hamna gari, haiwahusu. Inawahusu kuliko mwenye gari. Mwenye Hiace anasubiri hesabu jioni akiwa nyumbani, dereva anataka hesabu itimie, na boljointi wala haimo kwenye mazungumzo yao. Wewe uliyebanwa siti ya nyuma ndo unalala mtaroni. Askari anaweza kuona boljointi iliyolegea akiamua kuingia chini ya gari, ila hawezi kujua ile mpya imetengenezwa na nani.

Ushauri wangu kwa wakubwa: mkipima umri wa gari, pimeni na spea inayoitunza. TBS ichukue boljointi na tairodi kutoka madukani, izipime, na itangaze majina yaliyofeli, tuyasome wote. Na daladala ikibadilishiwa spea za miguu, risiti yenye jina la kiwanda ikae ndani ya gari kama bima inavyokaa.

Kwetu sisi, tuanze na swali jipya. Ukifika kaunta acha kuuliza orijino au kawaida. Uliza: "Nani kaitengeneza, na ikifa mwezi ujao namrudia nani?" Akibabaika, vuka barabara.

Nawakilisha. Uwanja ni wenu wadau, hasa mafundi mliopo humu.