Mwanao ana swaga au ana kibri?

Mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinisimulia kisa kilichomnyima usingizi. Mwanawe wa miaka 22 anaendesha bodaboda. Kofia ngumu anayo, lakini huitundika kwenye usukani. Kila akiambiwa aivae hujibu, "Mama, hiyo inaniharibia swaga." Mama hakulijua neno hilo. Alidhani ametukanwa, na siku tatu hawakusemezana.

Tuanze na neno lenyewe. Swaga limetoka kwenye Kiingereza, na kule si neno la jana. Shakespeare alilitumia katika tamthilia zake tangu miaka ya 1590, akimaanisha kujigamba na kujitanua mbele za watu. Lilikuwa neno la lawama. Vijana wetu walilipokea kupitia muziki wakaligeuza sifa: mwenye swaga ni mwenye mtindo wake, kuanzia nywele mpaka mwendo.

Watu wa pwani hatukumsubiri Mwingereza atufundishe mambo haya. Tuna maringo, yanayoonekana katika mwendo. Tuna mikogo, mtu anapofanya jambo ili wenzake wamwone. Na tuna kibri, ambacho makao yake ni moyoni: kukataa ukweli na kudharau watu. Maringo ya ujana huisha yenyewe. Kibri ndicho cha kuogopa.

Tanga tunamkumbuka marehemu Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012. Alijipatia jina kwa kuigiza kijana wa kisharobaro, mwenye madaha ya kutembea na kusema. Wazee walimcheka bila kukasirika, kwa sababu kila mmoja alikuwa na Sharo wake nyumbani.

Nilipokutana na kijana wa Ngamiani nilimuuliza kwa upole: kofia ina nini hasa? Kwanza alicheka. Kisha akasema kofia ile ilikuwa ya mjomba wake. Ni kubwa, inamzunguka kichwani, akipita kwenye matuta inamfunika macho. Kusema hivyo mbele ya wenzake kijiweni aliona haya, maana angeonekana hana hela ya kununua nyingine. Kusema "swaga" kulikuwa rahisi zaidi.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo penye somo. Neno lililomuudhi mama lilikuwa limefunika sababu ya kweli. Kofia inayocheza kichwani inaweza kuchomoka mtu anapoanguka, ikawa haina msaada. Iliyomkaa vizuri, na mkanda wake ukafungwa chini ya kidevu, ni jambo lingine: uchambuzi wa tafiti nyingi duniani umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kwa hiyo usipigane na swaga, itumie. Mwache achague rangi anayoipenda, wewe kagua kama inabana sawasawa. Kofia iliyopata kishindo kwenye ajali ibadilishwe, hata kama haina ufa. Na mtu akigonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa, akapata degedege, au kichwa kikazidi kumuuma, apelekwe hospitali mara moja. Msisubiri asubuhi.

Mama na mwanawe walikwenda dukani pamoja. Kijana alichagua kofia nyeusi yenye kioo cha giza. Juzi mama alinipigia simu kulalamika upya: mwanawe sasa anaingia nayo mpaka sebuleni, anajitazama kwenye kioo cha kabati.

Nilimwambia hiyo ndiyo swaga. Mwache nayo.