Aristotle, fundi viatu na sisi wabeba boksi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, zamu za usiku zimenikaba koo. Leo nina jambo la kutoa rohoni.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa ndugu yetu mmoja hapa Uingereza. Pilau limeliwa, watu wamekaa vikundi vikundi, maongezi yakafika pale pale yanapofikaga siku zote: wabeba boksi. Kaka mmoja msomi, mwenye digrii zake za falsafa, akatuambia kwa upole kabisa kwamba Aristotle alishalimaliza suala hili zamani. Mtu anayeishi kwa kuuza nguvu za mikono yake hawezi kuishi maisha mema, kwa sababu wema unahitaji nafasi, na yeye nafasi hana. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Usiku ule nikaenda kazini nimenuna.

Basi bwana, nikarudi vitabuni, kile cha maadili na kile cha siasa. Na kwanza nimtendee haki mzee wa watu.

Wagiriki walikuwa na neno eudaimonia. Wengi hulitafsiri kuwa ni furaha, lakini si ile furaha ya mshahara unaoingia Ijumaa ukaisha Jumatatu. Ni maisha mazima ya mtu kwenda vizuri, mtu kuwa mtu kweli kweli. Aristotle anauliza: ikiwa seremala ana kazi yake na fundi viatu ana kazi yake, inawezekanaje mtu, kwa utu wake tu, asiwe na kazi? Jibu lake ni kwamba kazi ya mtu ni kutumia akili na kuishi kwa wema, maisha yake yote.

Wema huo unatoka wapi? Wahenga wetu walisema tabia ni ngozi, haibadiliki. Aristotle anakataa. Anasema hatuzaliwi nao, wala hatuzaliwi bila uwezo wa kuupata. Mtu huwa mwashi kwa kuashi, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, tena na tena, mpaka iwe tabia. Hapo anakubaliana na wahenga wale wale waliosema samaki mkunje angali mbichi.

Mpaka hapo mimi na yeye hatuna ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye kitabu cha siasa. Huko anasema mji ulio bora hautamfanya fundi wa mikono kuwa raia, kwa kuwa mtu anayeishi maisha ya fundi au kibarua hawezi kujizoeza wema. Mkulima naye hana nafasi. Na kuna watu, anasema, ambao ni watumwa kwa maumbile yao.

Sasa jamani, tuulizane. Alipotaka kutueleza kazi ya mtu ni nini, alimwita nani? Fundi viatu. Alipotaka kueleza jinsi mtu mwema anavyoyabeba mapigo ya dunia, alisema ni kama fundi viatu hodari anayetengeneza kiatu bora kwa ngozi ile ile aliyopewa. Huu ni mfano mzuri kuliko yote niliyosoma. Halafu anamgeukia fundi huyo huyo na kumwambia: wewe wema hukuhusu, toka nje. Anakula chakula kisha anamfukuza mpishi!

Nikamwambia hivyo yule kaka kwa simu. Akajibu: usimhukumu, alikuwa mtu wa zama zake. Hili jibu nalikataa kabisa. Zama zake zilikuwa na sauti nyingine, na yeye alizisikia. Ameandika mwenyewe, katika kitabu hicho hicho cha siasa, kwamba wapo wanaosema kummiliki mtu ni kinyume cha maumbile, ni sheria za watu tu, na ni dhuluma kwa sababu kunategemea nguvu. Alisikia hoja, akachagua upande. Na kabla yake, inasimuliwa kwamba Socrates alikuwa akienda kuzungumza kwenye karakana ya fundi viatu aitwaye Simon, na Simon akiyaandika mazungumzo. Miaka ya 1950 wachimbuaji walikuta karibu na soko kuu la Athens nyumba yenye misumari ya viatu na kitako cha kikombe kilichochorwa jina hilo.

Linaloniuma zaidi ni hili: Aristotle mwenyewe alikuwa mtu wa ughaibuni! Alizaliwa Stageira mwaka 384 K.K., akaingia Athens akiwa na miaka 17. Hakuwa raia pale. Wageni wakazi wa Athens walilipa kodi ya ugeni, hawakupiga kura, hawakuruhusiwa kumiliki ardhi bila kibali maalumu. Alexander alipofariki mwaka 323 K.K., upepo ukageuka, Aristotle akashtakiwa kwa kutoheshimu miungu, akakimbilia Chalcis na kufariki mwaka uliofuata. Alijua maana ya kuwa mgeni katika mji wa wenyewe, na bado akaandika nani atoke nje. Tunawajua watu wa namna hiyo. Tunao kwenye sherehe zetu.

Sasa niwaambie kuhusu boksi langu. Nafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee. Kuna mzee mmoja lazima ageuzwe kitandani kila baada ya saa chache asipate vidonda. Siku nyingine ananisukuma na kunitukana kwa rangi yangu. Aristotle anasema mtu mpole si yule asiyekasirika kamwe, bali anayekasirika kwa jambo linalostahili, kwa kiasi na kwa wakati wake. Niambieni, hilo linafunzwa wapi kama si pale, saa tisa ya usiku, mkono wa mzee ukiwa shavuni kwako? Mwaka wa kwanza nilishindwa. Mwaka wa tatu nikaanza kuweza. Hayo ni mazoezi ya wema, na yana malipo ya saa.

Kuna jambo moja namkubalia. Nafasi ni muhimu. Anayeunganisha zamu mbili na kumwona mwanawe amelala tu, ananyang'anywa kitu kikubwa. Lakini hitimisho lake liwe nini? Kwamba mtu huyo hana wema? Hapana. Kosa ni la mji unaokula jasho lake na kumnyima muda. Aristotle aliuona ugonjwa akamlaumu mgonjwa.

Kwa hiyo kaka yangu msomi, tukikutana tena usinichekeshe kwa jina la Mgiriki. Ukitaka kujua kama naishi maisha mema, usiulize nafanya kazi gani. Uliza naifanyaje, na nimekuwa mtu wa namna gani kwa kuifanya.

Nawasilisha. Ngoja nilale kidogo, saa mbili usiku boksi linaniita.