Viatu havikufika Ulaya, imefika miguu ya vijana wa Morogoro!

KUNA wimbo umezoeleka midomoni mwa wakubwa: eti kijana aliyechukua mke na watoto akaenda kuishi Uingereza au Marekani ameikimbia nchi yake, hana uzalendo, ameuza utaifa kwa mkate wa siagi. Leo tunawauliza wakubwa hao swali moja tu. Nani aliyemkimbia mwenzake? Kijana ameikimbia nchi, au nchi ndiyo iliyomtelekeza kijana?

Tuanzie hapa hapa Morogoro, mji kasoro bahari. Nyinyi vijana wa leo hamkuyaona, lakini waulizeni wazee. Miaka ya 1970 Serikali ilichukua fedha za Benki ya Dunia ili kujenga Kiwanda cha Viatu Morogoro. Kwenye makaratasi mpango ulikuwa mtamu kama muwa: viatu milioni 4 kwa mwaka, robo tatu vikauzwe Ulaya! Wakajenga jengo lenye kuta za aluminiamu, lisilopitisha hewa, katika joto hili hili mnalolijua. Mashine zikaja, ngozi ikakosekana, vipuri vikakosekana, akili ya uendeshaji nayo ikakosekana. Kiwanda hakikufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake. Ulaya hakikupeleka kiatu hata kimoja. Mwaka 1990 kikazima.

Sasa oneni kichekesho cha kuliza. Viatu havikwenda Ulaya, iliyokwenda ni miguu. Watoto wa watu waliokuwa wapate ajira katika viwanda vya mji huu ndio leo wanafunga mizigo Msamvu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inamfikisha kijana Dar es Salaam chini ya saa mbili. Reli ni jambo jema, hatubishi. Lakini reli bila kazi inakofika na inakotoka ni njia ya haraka zaidi ya kuondokea!

Na huko Majuu nako tusidanganyane, vijana. Picha za kwenye simu, kijana kaegemea gari chini ya theluji, si habari kamili. Habari kamili ni hii. Mume na mke wote wanafanya kazi za zamu. Mume anarudi alfajiri kutoka ghala la kubeba maboksi, mke anatoka kwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wanapishana mlangoni kama makondakta wa daladala. Mwezi wa Desemba mjini London jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na mtoto mchanga anahitaji mtu wa kumshika. Morogoro mtoto angelelewa na bibi, na jirani, na mtaa mzima wa Mwembesongo. Kule mtaa haujui jina lako, na kumlaza mtoto kituo cha malezi kunakula mshahara wa mmoja wao.

Cheti alichohangaikia Sokoine au Mzumbe, mwajiri wa kule anakigeuza-geuza kama noti bandia. Asome upya, afanye mitihani upya. Wengine walijilipua, wakajiita Warundi au Wasomali ili wapate makaratasi, na tangu siku ile wakalizika jina alilowapa baba. Huo nao ni msiba, tena msiba usio na matanga. Mama mzazi akifariki, kilio kinaliwa kwenye simu, chooni kazini, dakika 10, kisha anarudi kumwogesha mzee wa mtu mwingine. Mama yake mwenyewe alikuwa anapanda na kushuka miteremko ya Mgeta na tenga la kabichi kichwani, hana wa kumpokea.

Huyu ndiye mnayemwita msaliti? Huyu ndiye anayelipa ada ya wadogo zake Kichangani, anayeezeka nyumba ya mjomba Matombo, anayenunua dawa za bibi! Serikali yenyewe ilitangaza kwamba mwaka 2022 fedha walizotuma Watanzania walio nje zilivuka dola bilioni 1. Fedha zao hazina usaliti. Zikipita benki zinapigiwa makofi, zikihesabiwa zinaingizwa kwenye hotuba. Mwenye fedha ndiye anayesimamishwa mlangoni kama mgeni!

Ndiyo, mgeni. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema hivi: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, ule wa Tanzania umekwenda na maji. Na mtoto aliyezaliwa kule akiwa na uraia wa pande mbili, akifika miaka 18 achague, aukane mmoja. Yule baba aliyechukua pasipoti ya Marekani ili apate kazi yenye bima na usingizi usio na hofu, akija kumzika mama yake, kwa miaka mingi alidaiwa dola 100 za viza. Viza ya kuingia kijijini kwake!

Hapa ndipo milima ya Uluguru inapowasuta waliotunga sheria hii. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wa lukolo. Azaliwe Kinole, azaliwe Kariakoo, azaliwe Houston, damu ya mama haiombi viza. Shamba la ukoo ni lake kwa sababu ya tumbo lililomzaa, si kwa sababu ya rangi ya kitabu cha kusafiria. Utaratibu huo haukuandikwa na mwanasheria yeyote, lakini umeshikilia watu na ardhi ya milima ile vizazi kwa vizazi. Halafu inakuja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inasema asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo binti wa Kiluguru aliyebadili pasipoti ni mwenye shamba mbele ya mizimu ya bibi zake, na ni mgeni mbele ya karani wa ardhi. Nani kati ya hao wawili anamjua zaidi?

Wakubwa watasema tumeletewa dawa. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya kuwapa watu wenye asili ya Tanzania kitu kinachoitwa hadhi maalumu. Sawa, hata kama kitambulisho hicho kinalegeza masharti ya kuingia na ya ardhi, tuulize: kinampa kura? Hakimpi! Kinamrudishia uraia? Hakimrudishii! Mtoto wa nyumbani hapewi kadi ya mwalikwa ili aingie kwa mama yake. Hiyo ni danganya toto.

Tena si hao waliobadili pasipoti tu. Hata Mtanzania aliyeshikilia pasipoti yetu kwa meno yote, analala njaa kule ili asiikane nchi, siku ya uchaguzi hana sanduku la kura huko aliko. Mkenya anayeishi hapa hapa Tanzania amemchagua Rais wake mwaka 2013, 2017 na 2022 bila kurudi kwao. Anapiga kura kwenye ardhi yetu, sisi tunamtazama! Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Uganda nayo inaruhusu. Je, Kenya imeanguka? Uganda imeuzwa? Ndugu zetu hao wanawakumbatia wana wao, sisi tunawahesabu vidole mlangoni.

Kisingizio kikuu ni usalama wa taifa. Eti mwenye pasipoti mbili ana mioyo miwili. Haya, tukumbushane. Fedha za EPA, zaidi ya shilingi bilioni 133, zilichotwa Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06. Ni uraia pacha uliozichota? Uraia pacha haukuwepo! Za Escrow zilizolitikisa Bunge mwaka 2014, zililiwa na wabeba maboksi wa Houston? Nchi hii haijawahi kuumizwa na mama anayetunza wazee ugenini. Imeumizwa na watu wenye pasipoti moja, viti vya mbele, na ving'ora.

Mwaka 2014 tuliletewa Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Tunaendelea na Katiba ya 1977, iliyotungwa nchi ikiwa ya chama kimoja, wakati Mtanzania aliyevuka bahari alikuwa mwanafunzi, baharia au balozi. Leo ni familia nzima, baba, mama na watoto, na Katiba haijawaona.

Basi wewe kijana wa Kihonda, wa Mafiga, wa Chamwino, usiseme hili ni la walio Majuu, halikuhusu. Kesho ni zamu ya kaka yako, keshokutwa ni yako na mkeo. Wananchi wa Uluguru mwaka 1955 walilazimishwa na mkoloni kuchimba matuta kwa mpango ambao hawakuulizwa, na kule Matombo wakakataa hadharani. Walikataa kwa sababu ardhi ilikuwa yao na jasho lilikuwa lao. Nchi hii nayo ni yenu.

Kila mgombea atakayekuja kuwaomba kura na fulana mkononi, mbaneni kwa mambo matatu. Je, atapigania uraia wa nchi mbili, na si kadi ya mwalikwa? Je, atadai sanduku la kura katika kila ubalozi wetu? Na la tatu, lililo la kwanza kwa uzito: ataleta kazi gani Morogoro, ili atakayeondoka aondoke kwa kupenda, si kwa kufukuzwa na njaa? Akianza kung'ata maneno, mrudishieni fulana yake. Atakayejibu, andikeni majibu yake na tarehe, mje mmuulize tena akishakalia kiti.